Sanduku Jekundu Lisingoje Kilio: Maneno juu ya Kuhama Nyumba Wakati wa Mvua

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wafadhili, Bukavu, mwanzoni mwa msimu wa mvua



Tuliombwa kusema juu ya kuhama nyumba. Mama mmoja wa kamati ametuuliza, akicheka, kama tumekuja kufundisha watu waliokimbia mara tatu namna ya kufunga mizigo. Hapana, mama. Kufunga mizigo munatushinda. Tumekuja kusema juu ya mvua, juu ya mlima, na juu ya lile sanduku jekundu la muso yetu, linalofunguliwa upesi sana mtu akifa na linalobaki limefungwa mtu akiwa bado mzima lakini nyumba yake inaanza kutembea.

Kule kwa wafadhili wetu watu wanaogopa kuhama wakati wa theluji. Hapa theluji hatuna, tuko na mvua. Inaanza mwezi wa tisa na inatufikisha mwezi wa tano. Kiangazi ni miezi mitatu tu, wa sita, wa saba na wa nane. Basi anayesema "hameni wakati wa kiangazi" anasema kweli, ila anasema na watu wenye kuchagua. Ndugu waliorudi hawachagui. Kamioni inayoleta watu kutoka Nyarugusu haiangalii mawingu ya Bukavu. Wale waliokimbilia Burundi mwanzoni mwa 2025, wakavuka kwenda Rugombo na watoto mgongoni, walirudi kila mmoja siku aliyoweza, na wengi wao walikuta nyumba waliyokuwa wanalipia ina mtu mwingine ndani, na garanti yao haijulikani iko wapi. Tena masomo yanafunguliwa mwezi wa tisa, mwezi uleule wa mvua, na kila mzazi anataka kuwa karibu na shule. Kwa hiyo tukihesabu familia tulizotembelea, nyingi zilihama matope yakiwa mpaka kwenye magoti. Hatuna sababu ya kuwagombeza. Tuna sababu ya kuuliza wanahamia wapi, na nani anawasaidia kutoka wakiingia pahali pabaya.

Munajua mji wetu. Watu wanaufananisha na mkono uliozamisha vidole vyake vitano katika ziwa Kivu. Ukiangalia kutoka kwa mashua ni mji mzuri kabisa. Ukipanda kwa miguu kutoka sokoni Kadutu kwenda juu ndipo unajua ule mkono una mfupa wa namna gani. Wakoloni waliuchora kwa watu wachache, wakaacha miteremko mikali kuwa na miti. Leo miti mingi imekwisha kuwa makala na mbao, na pale miti ilipokuwa sasa kuna nyumba, moja juu ya kichwa cha nyingine, Kadutu, Panzi, Bagira, hata Ibanda katika makorongo yaliyo nyuma ya nyumba za kifahari. Udongo wetu ni ule mwekundu, wa mfinyanzi, wenye asili ya volkano. Ukikauka ni mgumu kama tofali. Ukishiba maji unakuwa kama sabuni. Pale Funu wataalamu wa ardhi wamepima miaka mingi, nao wanasema lile poromoko ni la zamani na bado linatembea polepole. Siyo nyumba moja iliyo dhaifu. Ni mlima wenyewe unaoshuka pamoja na watu wake.

Na nyumba za bei ndogo ziko wapi? Ziko hapohapo. Ziko kwenye mteremko, au chini kando ya Kawa na Wesha, pahali mto unaporudi kuchukua njia yake usiku. Mtu aliyerudi ana pesa kidogo, hana jamaa wa kumwonya, na nyumba anaonyeshwa saa nne ya asubuhi jua likiwaka. Anaona chumba kikavu, mlango mpya, bei nzuri. Kumbe bei ni nzuri kwa sababu mpangaji aliyetoka anajua kitu.

Tunataka kuongeza neno ambalo katika semina za nje hawalisemi. Wengi wenu mumekaa kambini miaka kumi, wengine ishirini. Nyarugusu, kule Kigoma, imepokea Wakongomani tangu 1996, na kuna vijana hapa waliozaliwa kule. Kambini mtu alipewa kiwanja kilichopimwa, kwenye ardhi isiyo na miteremko kama hii. Shida ya mvua kule ilikuwa shitingi kuvuja na ukuta wa udongo kulowana kutoka chini. Mtoto aliyekulia pale anajua kusoma mawingu, lakini mlima hajawahi kuusoma. Siyo ujinga. Wazee wa huku wanaujua kwa sababu waliuona ukila nyumba za majirani. Basi wale waliobaki wana deni la kuwasomea wale waliorudi, na kamati isione haya kumwita mzee wa avenyu akatembee pamoja na familia kabla haijatoa hata franka moja.

Anaangalia nini yule mzee? Anaangalia mlango uliokuwa unafungika vizuri mwaka jana na sasa unagoma. Anaangalia ufa katika udongo, siyo tu katika ukuta. Ufa wa ukuta unaweza kuwa kazi mbaya ya fundi, au mabaki ya tetemeko la tarehe 3 mwezi wa pili 2008, lakini ufa unaopita katika kiwanja, ukaingia kwa jirani na kuendelea, huo ni wa mlima. Anaangalia mvokado au mkalitusi uliolala upande mmoja. Anaangalia chini ya ukuta wa nyuma: kama maji yanatoka siku ambayo haikunyesha, na kama yanatoka na rangi ya udongo, hapo hapana cha kuzungumza. Anauliza choo kiko juu au chini ya nyumba. Kadutu tuliona choo cha jirani wa juu kikishuka chote katika jiko la jirani wa chini, na kipindupindu hakihitaji barua ya mwaliko.

Tena anaangalia paa za majirani wa juu. Hapa watu wanatushangaa, basi tufanye hesabu pamoja. Nyumba ndogo yenye mabati ya mita za mraba 30. Mvua moja kubwa ya milimita 40, na mvua kama hiyo munaijua, inapita mchana mmoja. Zidisha: litre 1,200. Ni bidoni 60 za litre 20, zinazomwagwa na nyumba moja katika muda wa saa moja au mbili. Kama juu yako kuna nyumba kumi zisizo na mfereji wa bati wala mtaro, ni bidoni 600 zinatafuta njia, na njia ni mgongo wa nyumba yako. Mwenye nyumba wa chini analia kwamba Mungu ameleta mafuriko, lakini sehemu ya yale mafuriko imetoka kwenye mabati ya jirani, na jirani tunaweza kwenda kuzungumza naye.

Nani amesahau Kalehe? Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, siku ya Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Mito ilishuka na mawe na miti, ikabeba Bushushu na Nyamukubi. Waliokufa walipita 400, na waliopotea wakabaki katika orodha mpaka leo. Na Uvira mwezi wa nne 2020, Mulongwe ilifanya ile kazi tunayoijua wote. Katika ukumbi huu kuna watu wa pande zile, na hatutaki kuchokoza vidonda. Tunataja juu ya kitu kimoja: baada ya siku zile msaada ulifika. Shitingi, sufuria, blanketi, unga, hata wakubwa walifika kwa ndege. Kabla ya siku zile hakuna aliyempa mama mmoja pesa ya kuhama kando ya mto.

Sasa tuje kwenye sanduku.

Muso yetu iko na masanduku matatu, kama muso nyingine za Kivu ya Kusini. Kijani ni la mikopo. Buluu ni la pesa inayotoka nje, yaani ninyi wafadhili. Jekundu ni la shida: ugonjwa, kifo, wakati mwingine kuzaa. Tumesoma sheria ndogo za ushirika wenu na tumekaa na mweka hazina jioni mbili. Mtu akifiwa, pesa inatoka siku ileile, na hakuna anayeuliza maswali. Ni jambo zuri, linaonyesha tuko watu. Lakini katika orodha ya sababu za kufungua jekundu, kuhama haimo. Nyumba ikianguka na kuua, sanduku linafunguka. Nyumba ikitoa ufa na familia ikaja kuomba, inaambiwa iende kwenye kijani, ichukue mkopo, irudishe na faida.

Mama mmoja wa Panzi, mjane, watoto wanne, alikwenda kwenye kijani ya muso moja, siyo hii. Akaambiwa alete mdhamini. Mdhamini akaogopa. Tukamkuta nyumbani, amehamisha watoto wote kulala upande wa barabara, yeye analala upande wa ukuta mbaya "ili nisikie ikianza". Tukamwuliza kwa nini asitoke. Akasema: "Nitaenda wapi na iyi mvua? Garanti iko wapi?" Mvua siyo ndiyo iliyomfunga pale. Ilikuwa garanti. Alihama baadaye, shemeji yake aliuza mbuzi. Kama hakuna mbuzi, tungesema hadithi nyingine hapa.

Kwa hiyo pendekezo letu ni hili: nyumba yenye alama za hatari iandikwe kati ya sababu za jekundu, sawa na ugonjwa. Na pesa itolewe kabla.

Tunajua maneno yatakayosemwa, maana tumeshayasikia kwa pembeni. Kwanza, watu watadanganya: kila mtu atapata ufa siku atakayotamani nyumba nzuri. Ni kweli wako watu wa namna hiyo, na hata katika ugonjwa wako. Dawa yake ni kuonana na nyumba. Watu watatu waende: mmoja wa kamati, mmoja mzee wa avenyu, mmoja mwanachama anayekaa karibu. Waende siku ya mvua au kesho yake asubuhi, maana mvua haijui kuficha. Waangalie nyumba inayoachwa na nyumba inayotafutwa, zote mbili. Pesa ya sanduku isihamishe mtu kutoka korongo moja kwenda korongo jingine.

La pili ni zito zaidi: sanduku ni dogo, litakwisha. Hapa tunaomba mutusikilize polepole, hasa ninyi wafadhili. Pesa ya mazishi inakwenda na hairudi, na haipashwi kurudi. Garanti siyo matumizi, ni pesa inayolala kwa mwenye nyumba. Mpangaji akitoka, inapashwa kurudishwa. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015, juu ya kupangisha nyumba za kukaa, inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Munacheka. Hata sisi tunajua Bukavu wanaomba sita, wengine mwaka mzima, na wakisikia kuna shirika nyuma yake wanaongeza. Ndiyo sababu gari letu lenye alama hatulileti siku ya kuzungumza bei, na tunaomba ninyi pia musitaje jina la mfadhili yeyote. Lakini ile namba ya sheria muiandike katika daftari. Mzee mmoja aliitaja mbele ya shefu wa kartie, kwa sauti ya chini, na miezi sita ikashuka mpaka mitatu. Siyo kila mara. Mara ile ilishuka.

Basi kama jekundu litalipa garanti, iandikwe katika mkataba kwamba pesa ni ya ushirika. Familia inalipa kodi ya kila mwezi, ushirika unashika haki ya garanti. Familia ikitoka, pesa inarudi sandukuni, inakwenda kwa mwingine. Pesa moja inaweza kuhamisha familia tatu au nne katika miaka michache. Sanduku la namna hii linazunguka.

Ila litazunguka kama mwenye nyumba hatapata sababu ya kuikata. Kwa hiyo siku ya kuingia, kabla ya kuweka hata mkeka, piteni chumba kwa chumba mukiandika: kioo kimevunjika, kufuli haifungi, bati la kona linavuja. Mwenye nyumba atie saini, mpangaji atie saini, shahidi atie saini. Pigeni picha na simu. Ombeni fakture ya mwisho ya umeme na ya maji, musije mukarithi deni la mtu. Na mkataba uwe wa maandishi. Neno la mdomo ni zuri kati ya ndugu, lakini siku ya garanti mwenye nyumba siyo ndugu.

Juu ya siku yenyewe ya kuhama tutasema kidogo tu, maana hapo ninyi ni walimu. Mara nyingi mvua yetu inakuja alasiri, basi safari ya kwanza iondoke asubuhi mapema. Magodoro yaende kwanza yakiwa yamefungwa katika shitingi, kwa sababu sufuria ikilowana inakauka na godoro likilowana linaoza. Karte ya kura, karatasi za kurudi kutoka kambini, biletini za watoto, vyeti vya kuzaliwa: ndani ya plastiki mbili, juu ya mwili wa mtu mkubwa, siyo juu ya kamioni. Na wale wamama wanaobeba mizigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso, katika ngazi zile ambazo hata pikipiki haifiki, walipwe vizuri. Ngazi ya udongo iliyolowana ni hatari kwao kuliko kwa mwenye mali. Tumeona mtu anabishana juu ya franka mia tano na mama aliyebeba kabati lake lote. Tafazali.

Kuna mzee aliyetuambia: "Mbona hamsemi juu ya moto?" Ana haki. Nyumba za mbao za Nyamugo na pengine zinaungua wakati wa kiangazi, na anayekimbia mteremko anaweza kuingia katikati ya mbao zilizobanana. Wale watu watatu waangalie na hilo pia: kama kuna njia ya kutokea kati ya nyumba na nyumba, na nyaya za umeme zimefungwa namna gani. Lakini moto una majirani wanaoamka na kubeba maji. Mlima ukishuka saa tisa ya usiku hakuna anayewahi.

Kwa wafadhili tunasema hivi. Shitingi zenu zimefunika watoto, hatuzidharau hata kidogo, na tutaziomba tena. Lakini katika ripoti zenu mnatuuliza ni familia ngapi zilizosaidiwa baada ya balaa. Kwenye karatasi hakuna mstari wa familia ambayo nyumba yake iliwaangukia panya tu, kwa sababu watu walitoka wiki mbili mbele. Tunaomba mstari huo uwekwe. Tunaomba pia sehemu ya pesa ya buluu iruhusiwe kusaidia jekundu kati ya mwezi wa tisa na mwezi wa tano, bila kungoja barua tatu kutoka makao makuu. Barua yenu ya mwisho ilitufikia baada ya wiki tano. Katika wiki tano za mwezi wa kumi na moja, korongo linaweza kuongezeka mita nyingi.

Wanachama, pendekezo lote liko kwenye karatasi kwa mweka hazina, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Wasiosoma watasomewa Jumapili baada ya ibada na baada ya swala ya Ijumaa, tumeshapatana na wakubwa wa pande zote mbili. Kura itapigwa katika mkutano wa mwezi ujao. Wanaotaka kubadilisha neno walete sasa, kabla ya kura, siyo baada. Swali ambalo sisi wenyewe tunaliacha mikononi mwenu ni la wenye kumiliki nyumba, maana kati yenu wako waliojenga kwa jasho la kambini na hawako wapangaji: je, jekundu liwape nini, ikiwa wanapashwa kuacha kiwanja chao? Garanti haiwatoshi. Zungumzeni.

Jumamosi hii saa mbili ya asubuhi tunapanda Funu pamoja na wazee wa avenyu, kutembelea nyumba saba zilizoandikwa. Inyeshe, isinyeshe, tutapanda. Anayekuja avae buti, na alete fimbo.